Maaskofu Wakuu wa Uppsala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kanisa linapomweka wakfu askofu mpya, ubishi ule ule hurudi: mikono aliyowekewa inatoka kwa Mitume bila kukatika, au kuna mahali ilikatikia? Kwa sisi ambao makanisa yetu yana udugu na Kanisa la Uswidi, ubishi huo haumaliziki bila Uppsala kutajwa. Haya hapa ni maswali yanayojirudia zaidi, na majibu yake. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi. La mwaka 1531 ni refu kwa sababu ndilo kiini cha habari yote.

Uppsala ni wapi, na kwa nini ndiyo yenye askofu mkuu?

Ni mji wa Uswidi ulio kaskazini ya Stockholm, safari ya treni isiyotimiza saa nzima. Kilomita chache kutoka mjini kuna Gamla Uppsala, yaani Uppsala ya kale, penye vilima vikubwa vya makaburi ya wakuu wa kabla ya Ukristo. Katika karne ya 11, padre Adam wa Bremen aliandika kwamba hapo palikuwa na hekalu la miungu ambapo watu na wanyama walitolewa sadaka. Wataalamu bado wanavutana kuhusu maelezo yake, maana yeye mwenyewe hakufika. Lakini Kanisa lilijua uzito wa mahali hapo, na mwaka 1164 Papa Aleksanda III alipafanya kuwa makao ya jimbo kuu. Chini yake ziliwekwa dayosisi za Skara, Linköping, Strängnäs na Västerås. Växjö na Turku ya Ufini zikafuata baadaye.

Kanisa kuu linaloonekana leo halipo Gamla Uppsala. Lile la zamani liliungua katika karne ya 13, na mwaka 1273 kiti kikahamishiwa Östra Aros, bandari ya mtoni iliyokuwa jirani. Jina la Uppsala likahama pamoja na kiti. Kanisa jipya lilijengwa kwa zaidi ya miaka 150. Fundi mwashi Étienne de Bonneuil aliitwa kutoka Paris mwaka 1287, na kuwekwa wakfu kukaja kufanyika mwaka 1435.

Askofu mkuu wa kwanza alikuwa nani, na kwa nini hakuwekewa mikono Uswidi?

Aliitwa Stefan, mtawa wa monasteri ya Alvastra iliyokuwa chini ya shirika la Cîteaux. Aliwekwa wakfu Agosti 1164 katika mji wa Sens, Ufaransa. Papa Aleksanda alikuwa Sens kwa sababu Roma hapakukalika: Kaisari Frederick Barbarossa alikuwa anamuunga mkono papa mpinzani. Aliyemwekea Stefan mikono ni Eskil, Askofu Mkuu wa Lund, mji ambao wakati ule ulikuwa wa Denmark, na Papa mwenyewe alikuwapo. Eskil naye alikuwa mkimbizi, kwa kuwa amegombana na mfalme wake wa Denmark kwa sababu ya mtafaruku huo huo. Kwa hiyo jimbo kuu la Uswidi lilizaliwa ugenini, mikononi mwa wakimbizi wawili.

Lund haikutoa bure. Eskil alihakikisha kwamba askofu mkuu wa Uppsala atakuwa anawekwa wakfu na yule wa Lund na kumtambua kama mkubwa wake. Waswidi walilichukia sharti hilo kwa vizazi kadhaa na walilikwepa kila walipopata upenyo.

Je, kabla ya Stefan hakukuwa na maaskofu?

Walikuwapo, ila hakuna orodha inayoaminika. Wamisionari kutoka Hamburg-Bremen na Uingereza walifanya kazi Sigtuna na kandokando yake tangu karne ya 11. Anayetajwa sana ni Henrik, ambaye mapokeo yanasema alikuwa askofu wa Uppsala, akaenda Ufini na Mfalme Erik, na akauawa huko na mkulima aitwaye Lalli juu ya barafu ya ziwa Köyliö. Habari zake ziliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, kwa hiyo zisomwe kama masimulizi ya watakatifu yanavyosomwa. Mfalme Erik aliuawa mwaka 1160, na mifupa inayoheshimiwa kuwa yake ingali ndani ya kanisa kuu.

Tangu Stefan, wamekuwa wangapi?

Wamezidi kidogo 70. Usishangae ukikuta orodha mbili zisizolingana. Wapo waliochaguliwa wasithibitishwe, aliyethibitishwa akafa kabla ya kuingia ofisini, aliyefukuzwa kisha akarudishwa, na wawili walioteuliwa na Papa wakati Uppsala tayari ina mtu mwingine. Ukihesabu kwa sheria za Roma unapata jibu moja. Ukihesabu waliokaa kitini kweli unapata jingine.

Zamani walipatikanaje?

Kwa maandishi, baraza la makanoni, yaani mapadre wa kanisa kuu, ndilo lilimchagua, na sinodi ya Skänninge ya mwaka 1248 ilisisitiza mabaraza hayo yaundwe. Sinodi hiyo hiyo ndiyo iliyokaza useja wa mapadre, jambo ambalo Uswidi ilikuwa ikilifanyia mzaha: Valerius, aliyekuwa askofu mkuu mwanzoni mwa karne ya 13, alikuwa mtoto wa padre na alihitaji ruhusa maalumu ya Papa ili apokelewe.

Kwa vitendo, mfalme alikuwa na mtu wake, koo kubwa zilikuwa na mtu wao, na Papa alikuwa na neno la mwisho. Mteule aliandikiwa barua, akasafiri au akatuma wajumbe, akalipa ada, akasubiri pallio, ile skafu ya sufu inayovaliwa na askofu mkuu. Ndiyo maana kiti kiliweza kukaa wazi kwa miaka. Baada ya Lars kufariki mwaka 1267, Folke aliyemfuata alikuja kukalia kiti mwaka 1274.

Ni kweli kwamba baadhi yao walikuwa wapiganaji kuliko wachungaji?

Ni kweli, na si mmoja. Tuanze na aliyekufa kwa upanga wa wengine: Johannes, wa pili katika orodha, aliuawa mwaka 1187 na wavamizi waliovuka bahari kutoka mashariki, mwaka ule ule mji wa Sigtuna ulipochomwa.

Mpiganaji hasa ni Jöns Bengtsson wa ukoo wa Oxenstierna. Mwanzoni mwa 1457 aliingia katika kanisa lake kuu akiwa amechoshwa na Mfalme Karl Knutsson. Akavua mavazi ya kiaskofu, akayaacha mbele ya masalia ya Mtakatifu Erik, akavaa deraya na kujifunga upanga, akaapa kwamba hatayavaa tena mpaka nchi itulie. Wiki chache baadaye mfalme alikuwa ndani ya jahazi akikimbilia Danzig. Askofu mkuu akatawala nchi kama msimamizi. Siasa ikamgeukia naye: aliwahi kukamatwa, akaachiwa, akatawala tena, na mwishowe akafa mwaka 1467 akiwa uhamishoni kisiwani Öland.

Na yupo aliyepigana kwa maneno tu. Nils Ragvaldsson, kabla hajawa askofu mkuu, aliiwakilisha nchi yake katika Mtaguso wa Basel mwaka 1434. Wajumbe walipogombea nani akae mbele, alisimama akahutubia kwamba mfalme wake anastahili kiti cha juu kwa kuwa watu wake ni wazawa wa Wagothi waliowahi kuitetemesha Roma. Wahispania wakajibu kwamba Wagothi wenye sifa ni wale waliotoka wakaja Hispania, si waliobaki nyumbani. Kiti cha mbele hakupata, lakini majigambo yale yaliimbwa Uswidi kwa miaka 200.

Nimesikia mmoja alitoswa mtoni ndani ya gunia. Ni hadithi?

Si hadithi ya kutungwa. Jöns Gerekesson, Mdenmark aliyewekwa kitini mwaka 1408 kwa nguvu za Mfalme Erik wa Pomerania, alijaza malalamiko: fedha za jimbo, mwanamke, ukatili. Mwaka 1421 aliondolewa. Kwa utaratibu wa wakati ule, mtu wa namna hiyo hakurudi kijijini kulima. Baada ya miaka michache Papa Martin V alimpa dayosisi ya Skálholt, Aisilandi, mbali kabisa. Alifika huko mwaka 1430 akiwa na kundi la askari wa kukodi waliowasumbua wenyeji. Mwaka 1433 wenyeji wakavamia Skálholt, wakamtoa kanisani, wakamfunga na kumtosa katika mto Brúará. Hakuna askofu mkuu mwingine wa Uppsala aliyeishia hivyo.

Gustav Trolle anahusikaje na mauaji ya Stockholm?

Anahusika moja kwa moja. Mtangulizi wake, Jakob Ulvsson, alikuwa mtu wa vitabu aliyekaa kitini zaidi ya miaka 40 na kupata kibali cha Papa Sixtus IV cha kuanzisha Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1477, cha kwanza katika nchi za Nordiki. Trolle alirithi kiti mwaka 1515 pamoja na ngome ya Almarestäket, na akarithi pia uadui wa ukoo wake na Sten Sture aliyekuwa msimamizi wa nchi. Sture aliizingira ngome, bunge likaamua Trolle avuliwe uaskofu mkuu na ngome ibomolewe.

Mfalme Christian II wa Denmark alipoiteka Uswidi, Trolle alirudi na kumvika taji tarehe 4 Novemba 1520. Siku tatu baadaye, karamu zikiwa zinaendelea, Trolle akawasilisha mashitaka: waliombomolea ngome na kumnyang'anya kiti ni wazushi. Kosa la uzushi lilimfungua mfalme kutoka katika msamaha alioutoa. Tarehe 8 na 9 Novemba watu wapatao 80 au zaidi walikatwa vichwa na kunyongwa uwanjani, wakiwemo maaskofu wa Skara na Strängnäs. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo baba wa kijana Gustav Vasa, aliyeongoza uasi, akaufukuza utawala wa Denmark na kuwa mfalme mwaka 1523. Trolle alikimbia, na alikufa mwaka 1535 kwa majeraha ya vita nchini Denmark akiwa upande ulioshindwa.

Je, mlolongo wa kuwekewa mikono ulikatika wakati wa Matengenezo ya Kanisa?

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu ni hapana, haukukatika, lakini ulipona kwa kupenya tundu dogo sana.

Tazama hali ilivyokuwa baada ya 1523. Trolle yuko uhamishoni, ila kwa Roma bado ndiye halali. Waswidi wamemchagua Johannes Magnus, ambaye Roma haitaki kumthibitisha kwa kuwa Trolle hakuvuliwa kihalali. Viti vya Skara na Strängnäs viko wazi kwa sababu wenye viti walichinjwa. Waliochaguliwa kujaza nafasi wanaitwa wateule tu, hawajawekewa mikono, na mfalme hataki kulipa ada za uthibitisho wakati hazina yake haina kitu.

Katikati ya hali hiyo alikuwapo Petrus Magni. Alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Birgita kutoka Vadstena, aliyekaa Roma zaidi ya miaka 15 akisimamia nyumba ya shirika lake huko, akijaza muda wake kwa kuandika vitabu vya uchimbaji madini, kilimo na dawa. Mwaka 1524 aliwekwa wakfu huko huko Roma kuwa askofu wa Västerås, kwa taratibu zote, kisha akarudi nyumbani. Mapema Januari 1528, mfalme akiwa anataka kuvikwa taji kwa heshima zote, Petrus Magni aliwawekea mikono wateule wa Skara, Strängnäs na Turku bila kibali cha Papa. Siku chache baadaye taji likavikwa Uppsala.

Mwaka 1531 hali ikajirudia. Gustav Vasa alikuwa anaoa binti wa kitawala kutoka Ujerumani, na arusi ya namna hiyo ilihitaji askofu mkuu. Akaitisha uchaguzi Stockholm; akachaguliwa Laurentius Petri, mwalimu mwenye miaka 32 aliyesoma Wittenberg, ndugu wa mhubiri wa Matengenezo Olaus Petri. Petrus Magni na mwenzake wa Strängnäs waliandika kwa siri pingamizi kwamba wanafanya kwa kushurutishwa. Halafu wakafanya. Tarehe 22 Septemba 1531 Laurentius akawekwa wakfu, na siku mbili baadaye akafungisha ndoa ya mfalme. Petrus Magni alifariki mwaka 1534.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba Waswidi walikaa chini wakaamua kulinda urithi wa kitume. Sioni hivyo. Mfalme alitaka sherehe zake zifanywe na watu ambao majirani wasingeweza kuwadharau, basi. Ushahidi ni kwamba baadaye alianza kuwapunguza maaskofu: akagawa dayosisi zao vipande, akawapa wasimamizi vyeo vingine, na jina la askofu likawa halimpendezi. Aliyeligeuza tukio la arusi kuwa jambo la kanisa ni Laurentius mwenyewe, kwa kudumu. Alikaa kitini miaka 42, akasimamia Biblia ya Kiswidi ya 1541, na katika Utaratibu wa Kanisa wa 1571 akaandika kwamba cheo cha askofu ni cha manufaa na kibaki.

Kuhusu pingamizi la siri: je, linaharibu tendo? Kwa teolojia ya zamani ya Magharibi, askofu halali akiweka mikono kwa ibada halali na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, tendo linasimama hata kama moyo wake unanung'unika. Waanglikana waliochunguza suala hili walitumia hoja hiyo. Roma haijaukubali uaskofu wa Kilutheri wa Uswidi, ila sababu zake si pingamizi la Petrus Magni peke yake.

Kwa hiyo kulikuwa na maaskofu wakuu wawili kwa wakati mmoja?

Ndiyo. Johannes Magnus aliondoka nchini mwaka 1526, na mwaka 1533 akawekwa wakfu Roma kuwa Askofu Mkuu wa Uppsala, cheo kisicho na waumini. Alipofariki mwaka 1544, Papa akamteua mdogo wake, Olaus Magnus. Huyu hakuwahi kukalia kiti hata siku moja, lakini ndiye aliyechora Carta Marina, ramani kubwa ya nchi za Kaskazini iliyochapwa Venice mwaka 1539, yenye majoka ya bahari yakimeza meli. Alifariki mwaka 1557 na baada yake Roma haikuteua mwingine. Wakatoliki wa Uswidi leo wako chini ya Dayosisi ya Stockholm, iliyoundwa mwaka 1953.

Baada ya Laurentius Petri, mlolongo uliendeleaje?

Kwa kupitia Ufini. Laurentius Petri Gothus, aliyemrithi, aliwekwa wakfu mwaka 1575 na Paulus Juusten, askofu wa Turku. Mfalme Johan III alikuwa mpenzi wa ibada za kale, kwa hiyo kofia ya kiaskofu na fimbo vilirudi.

Kisha Mkutano wa Uppsala wa mwaka 1593 ukaamua kwa kauli moja kwamba Kanisa la Uswidi linashika Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri. Mkutano ulimchagua Abraham Angermannus, aliyekuwa mkimbizi Ujerumani kwa kumpinga Johan III. Pengine walitarajia shujaa. Walipata mtu mkali kupita kiasi: katika ziara yake ya mwaka 1596 alizunguka parokia akiwachapa viboko na kuwamwagia maji ya baridi waliokutwa na dhambi, hadi wananchi wakamlalamikia. Mwaka 1599 aliondolewa kwa sababu za kisiasa, na alifia kifungoni katika ngome ya Gripsholm.

Nchi jirani nazo zilihifadhi mlolongo?

Denmark haikuhifadhi. Mwaka 1536 mfalme aliwaweka gerezani maaskofu wa zamani, na mwaka 1537 akamwita Johannes Bugenhagen wa Wittenberg, ambaye hakuwa askofu, awaweke wakfu wasimamizi wapya saba. Norwei na Aisilandi zilikuwa chini ya Denmark, zikafuata njia hiyo.

Ufini ilihifadhi kwa karne nyingi, ikaja kupoteza kwa mkosi. Mwaka 1884 viti vyote vitatu vya uaskofu vilikuwa wazi kwa vifo vilivyofuatana. Nchi ilikuwa chini ya Urusi, na kumwita askofu wa Uswidi lilikuwa jambo la kisiasa lisilowezekana, hivyo profesa wa teolojia, Axel Fredrik Granfelt, ndiye aliyemwekea mikono Askofu Mkuu mpya. Katika miaka ya 1930 ushiriki wa maaskofu wa Uswidi ulirejesha uhusiano huo.

Ni kweli uaskofu mkuu uliwahi kuwa mali ya familia?

Kisheria hapana, ila karne ya 18 ingekufanya uamini hivyo. Erik Benzelius alikuwa askofu mkuu kuanzia 1700 hadi 1709, na wanawe watatu wote wakakifikia kiti hicho: Erik mdogo, Jakob na Henrik. Mathias Steuchius alifuatwa papo hapo na mwanawe Johannes. Samuel Troilius alikikalia kuanzia 1758, na mwanawe Uno von Troil akaja kukipata mwaka 1786. Ukihesabu wote walioteuliwa kati ya 1700 na 1786 ni 11, na 8 kati yao wanatoka katika familia hizo tatu.

Isidhaniwe walikuwa watu wa kubebwa. Erik Benzelius mdogo alikuwa mkutubi na mmoja wa wasomi wakubwa wa nchi yake. Kwa bahati mbaya aliteuliwa mwaka 1742 akiwa askofu wa Linköping na akafariki mwaka uliofuata kabla hajahamia Uppsala. Uno von Troil alikwenda Aisilandi mwaka 1772 pamoja na mwanasayansi Mwingereza Joseph Banks na kuandika juu ya volkano na chemchemi zake. Lakini nyumba za maaskofu ndizo zilizokuwa na vitabu, walimu na marafiki ikulu, na watoto wa nyumba hizo walianza mbio wakiwa mbele. Hata karne ya 20 ina mfano: Yngve Brilioth, askofu mkuu kuanzia 1950, alikuwa mkwe wa Söderblom.

Söderblom ni nani, na kwa nini anatajwa kila mahali?

Nathan Söderblom alikuwa profesa wa historia ya dini. Mwaka 1914 wapigakura wa kanisa walipeleka serikalini majina matatu ya kuwania uaskofu mkuu kama sheria ilivyotaka, lake likiwa la tatu. Serikali ya Hjalmar Hammarskjöld, baba wa Dag Hammarskjöld aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikalichagua hilo la tatu. Wiki chache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka.

Alitumia kiti chake kuwaita maadui wakae meza moja. Mkutano aliouandaa Stockholm mwaka 1925 uliwakusanya Walutheri, Waanglikana, Waorthodoksi na wengine kuzungumza juu ya kazi, amani na haki, Roma haikushiriki. Mwaka 1930 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na alifariki mwaka uliofuata. Kwa upande wa mlolongo, ndiye aliyewawekea mikono maaskofu wa kwanza wa Kilutheri wa Estonia na Latvia baada ya uhuru wao, mwaka 1921 na 1922.

Waanglikana wanautambua uaskofu wa Uppsala?

Ndiyo. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1920, ule wa maaskofu wa Kianglikana duniani, ulifungua mlango, na Septemba mwaka huo huo maaskofu wa Durham na Peterborough walishiriki kuweka mikono katika kanisa kuu la Uppsala. Makubaliano ya Porvoo, yaliyotiwa saini mwaka 1996, yakaunganisha makanisa ya Kianglikana ya Uingereza na Ireland na Walutheri wengi wa Nordiki na Baltiki. Porvoo yanasema pia kwamba kiti kinachoendelea na kanisa linaloendelea ni ishara ya urithi wa kitume hata pale mikono ilipowahi kukatika. Bila kifungu hicho Norwei na Aisilandi zisingeingia.

Roma haijautambua, ingawa heshima imekua: Papa Yohane Paulo II alifika Uppsala mwaka 1989, na Papa Fransisko aliongoza ibada ya pamoja na Walutheri huko Lund tarehe 31 Oktoba 2016.

Askofu akichaguliwa kuwa askofu mkuu, anawekwa wakfu tena?

Hapana. Anaingizwa kazini tu. Anayewekewa mikono ni yule ambaye hajawahi kuwa askofu, kama Söderblom aliyetoka darasani.

Mwanamke amewahi kukalia kiti hicho?

Ndiyo, mmoja: Antje Jackelén, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa askofu wa Lund na akaingizwa kazini Uppsala mwaka 2014. Njia ilianza mbali. Sheria ya upadre wa wanawake ilipitishwa mwaka 1958, na wa kwanza walibarikiwa mwaka 1960, mmoja wao, Margit Sahlin, na Askofu Mkuu Gunnar Hultgren mwenyewe. Askofu wa kwanza mwanamke alikuwa Christina Odenberg wa Lund, mwaka 1997. Wapo Waswidi waliolikataa jambo hili kwa hoja ile ile ya mlolongo wa kitume, na makundi madogo bado yanalikataa. Jackelén alistaafu mwaka 2022, na Martin Modéus kutoka Linköping akachukua nafasi.

Mbona siku hizi Uppsala ina maaskofu wawili?

Kwa sababu kazi ilimzidi mtu mmoja. Askofu mkuu ana kanisa zima la nchi, uhusiano na makanisa ya nje, na kuwaweka wakfu maaskofu wapya wa dayosisi zote. Tangu 1990 dayosisi ya Uppsala ina askofu wa pili anayeshughulika na wachungaji na sharika zake; Karin Johannesson anaishika nafasi hiyo tangu 2019. Na tangu kanisa na serikali zitengane mwaka 2000, serikali haina tena neno katika uteuzi: kura za wachungaji na walei ndizo zinazoamua.

Uhusiano wa Uppsala na Bukoba ni upi?

Bengt Sundkler alikuwa mmisionari wa Kiswidi Afrika Kusini, kisha Tanganyika miaka ya 1940, halafu profesa wa historia ya Kanisa Uppsala kuanzia 1949. Mwaka 1961 Walutheri wa Buhaya, yaani eneo la Bukoba, walipotaka askofu wao wa kwanza, yeye ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Hakukaa sana. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na mwaka 1964 Sundkler alimwachia kiti Josiah Kibira, akarudi kufundisha Uppsala, ambako aliandika kitabu cha maisha ya Söderblom.

Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo kila askofu wa KKKT ana mlolongo wa Kiswidi. KKKT ilipokea wamisionari kutoka Ujerumani, Marekani na nchi zote za Nordiki, baadhi yao wakiwa na urithi huo na wengine hawana, na kanisa halijawahi kuufanya uwe sharti la uhalali wa askofu wake. Maaskofu wa Uswidi hualikwa kuweka mikono Tanzania, na wa Tanzania hualikwa Uswidi. Kibira mwenyewe alichaguliwa mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.